Jino Likinyamaza Ghafla, Usishangilie: Namna ya Kuliokoa Jino Lililooza Hadi Ndani

Kazi yangu ni msaidizi wa daktari wa meno. Hukaa upande wa kushoto wa kiti, mkononi nina mrija wa kufyonza mate. Kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza kuonana na mgonjwa na wa mwisho kuagana naye, huulizwa yale ambayo watu wanaona haya kumwuliza daktari. Swali linalotangulia yote ni hili: "Dada, si bora ling'olewe tu yaishe?"

Kung'oa kunawezekana, na mara nyingine ndiyo tiba sahihi. Lakini jino lililooza hadi ndani, ikiwa bado limeshika vizuri kwenye taya, mara nyingi linaokoka. Kuna jambo nimeliona likijirudia mpaka nikaamua kuliandika: meno mengi hayapotei siku yanapouma. Hupotea siku yanapoacha kuuma. Mtu analia usiku kucha, kesho yake maumivu yametulia, anaahirisha. Mwingine anameza vidonge, uvimbe unashuka, anaahirisha. Mwingine ametibiwa nusu, hasikii tena kitu, harudi kumalizia. Nitakueleza tiba yote, iitwayo kutibu mzizi, yaani kusafisha ndani ya jino na kulijaza, tangu mwanzo, na kila tukifika mahali ambapo ukimya wa jino humhadaa mtu, nitakuambia.

Jino lako limefika wapi?

Ndani ya kila jino, chini ya gamba jeupe gumu na tabaka la manjano linalofuata, kuna uwazi mwembamba wenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hicho ndicho kiini cha jino. Hushuka kupitia mifereji midogo hadi kwenye ncha za mizizi, na damu yake huingilia huko. Bakteria wakikifikia, iwe kwa tundu la uozo, kwa ufa au kwa jino kuvunjika, kiini huvimba. Kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kutanukia, na shinikizo hilo ndilo linaloleta maumivu ambayo watu huapa hawajawahi kuyapata pengine mwilini.

Kuna maswali ambayo daktari atakuuliza, na unaweza kuanza kujiuliza ukiwa nyumbani. Maji baridi yakigusa jino, maumivu hukaa muda gani? Yakichoma na kuondoka mara baridi inapoondoka, huenda kiini bado kinaweza kupona, na kusafisha uozo na kuziba tundu kukatosha. Nenda wiki hiyo hiyo, kwa sababu hapo ndipo tiba ilipo nyepesi kuliko wakati mwingine wowote. Lakini maumivu yakibaki nusu dakika au zaidi, yakija yenyewe bila jino kuguswa, yakikuamsha usiku au yakizidi unapolala chali, kiini kwa kawaida hakiponi tena chenyewe. Wapo wanaofika na chupa ya maji baridi mkononi, wanasukutua kila baada ya dakika chache kwa sababu baridi inawatuliza na joto linawatesa. Nikimwona mtu wa namna hiyo mlangoni, naanza kuandaa vifaa vya mzizi kabla daktari hajaniambia.

Kisha unakuja ukimya wa kwanza. Siku moja maumivu yanakatika, na mtu anamshukuru Mungu. Kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa. Hakuna tena mshipa wa fahamu ndani ya jino wa kupeleka habari, ila bakteria wamo, wanakula mabaki na kuongezeka, na sumu yao inapenya kwenye ncha ya mzizi kuingia katika mfupa wa taya. Baada ya wiki au miezi jino linaanza kuuma kwa namna nyingine: sasa linauma ukiling'atia, unahisi limekuwa refu kuliko wenzake, na ufizi unavimba. Au halikuumi kabisa, ila usaha umejitafutia njia na kutoa kipele kwenye ufizi. Kinapasuka, kinaacha ladha mbaya mdomoni, kinakauka, kisha kinajaa tena. Kwa sababu hakiumi, watu hukaa nacho hata mwaka mzima. Kipele cha namna hiyo hakiponi kwa kusukutua maji ya chumvi wala kwa kukitumbua. Chanzo chake kiko ndani ya jino.

Jino lililogongwa zamani, kwa kuanguka au mchezoni, na sasa limegeuka rangi kuwa la kijivu au kahawia, nalo lichunguzwe hata kama halijawahi kukusumbua.

Kabla sijaendelea, hili lisikupite. Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni, ukishuka shingoni au ukiinua ulimi, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, au ukipata homa kali pamoja na uvimbe wa uso, usisubiri miadi ya daktari wa meno. Nenda hospitali, kitengo cha dharura, saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Maambukizi ya jino yakiingia kwenye nafasi za shingo yanaweza kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa hilo.

Vidonge vinaweza nini, na haviwezi nini

Hapa pana ukimya wa pili, nao umechukua meno mengi mno mbele ya macho yangu. Mtu ana jipu, ananunua antibayotiki dukani au anamaliza zile zilizobaki za ndugu yake, uvimbe unapungua, na anaamini amepona. Baada ya muda linarudi. Anarudia dawa. Kila mara mfupa unaozunguka mzizi unaliwa kidogo zaidi.

Sababu ni rahisi. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu. Kiini kilichokufa hakina damu, kwa hiyo dawa haifiki walipo bakteria. Inaweza kuwazuia wale waliokwisha kutoka nje ya mzizi wasienee, basi. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kikishauri kwamba mtu mzima mwenye kinga nzuri ya mwili, ambaye anaweza kupata tiba ya jino lenyewe, kwa sehemu kubwa ya matatizo haya hahitaji antibayotiki. Zinahitajika pale maambukizi yanapoonyesha dalili za kusambaa mwilini, kama homa na uchovu mkubwa, au kinga ya mgonjwa inapokuwa dhaifu. Daktari wako asipokuandikia, usidhani amekupuuza. Akikuandikia, maliza ulichoandikiwa na bado urudi kwa tiba ya jino.

Kutuliza maumivu ukisubiri miadi ni jambo jingine. Kwa mtu mzima, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000, kila baada ya saa 6, hufanya kazi vizuri kuliko watu wanavyotarajia, kwa sababu kila moja hutuliza kwa njia yake. Parasetamoli isizidi miligramu 4,000 kwa siku, na ibuprofeni isizidi 1,200, yaani mara tatu tu kwa siku, bila kuagizwa na daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, asiguse ibuprofeni kabla ya kuuliza. Inua kichwa kwa mito miwili unapolala. Na nakusihi, usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Hakiingii ndani ya jino, kinaunguza nyama, na mgonjwa anatufikia akiwa na vidonda viwili badala ya kimoja.

Siku ya kwenda

Kula kabla ya kuja, isipokuwa kama umeambiwa utapewa dawa ya usingizi. Ganzi humsumbua zaidi mtu mwenye njaa, na baadaye utakaa saa kadhaa bila kutafuna. Meza dawa zako za kila siku kama kawaida, na uje na orodha yake. Mwambie daktari kama una kisukari, valvu ya moyo ya bandia, ujauzito au mzio wa mpira. Kama umewahi kuchomwa mionzi tayani, au unatumia dawa za kuimarisha mifupa, sema mapema sana: kwako kung'oa kunaweza kuacha kidonda cha mfupa kisichopona, na kutibu mzizi kunakuwa na faida kubwa zaidi. Mjamzito asiahirishe maambukizi mpaka ajifungue. Ganzi ya kawaida na picha ya eksirei ya jino moja vinaweza kufanywa kwa tahadhari.

Uliza maswali haya bila woga, na andika majibu: Jino hili lina mifereji mingapi? Utatumia kitambaa cha mpira (nitakieleza hapa chini)? Nani atalijengea baadaye, na lini? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Ninayefanya naye kazi hufurahi, kwa sababu mgonjwa anayeuliza kuhusu ujenzi wa mwisho ndiye anayerudi.

Kinachofanyika kitini

Kwanza jino hupimwa. Daktari atagusisha pamba yenye baridi kali, atagonga meno kwa mpini wa kioo chake, na atapiga picha. Usishangae akipima pia meno jirani. Maumivu ya kiini huhama, mtu akaapa ni jino la juu kumbe ni la chini, na kuna watu waliofika kwetu wakiwa na pengo la jino zima lililong'olewa kwingine huku lile linalouma lingali mahali pake.

Kisha ganzi. Hofu nyingi ziko hapa, na nasema kwa moyo wote: jino likishika ganzi sawasawa, kutibu mzizi hakuna tofauti kubwa na kuzibwa jino, ila kunachukua muda mrefu zaidi. Ugumu upo kwenye gego la chini lenye kiini kilichovimba sana, ambalo wakati mwingine hukataa sindano ya kwanza. Mdomo umekufa ganzi lakini jino linahisi. Usivumilie. Inua mkono. Zipo sindano za nyongeza, kando ya mzizi au ndani ya mfupa, na daktari anazo. Mgonjwa anayejikaza kimya hukaza na shingo na taya, na kazi inakuwa ngumu kwa wote watatu.

Baada ya ganzi hutandikwa kitambaa chembamba cha mpira kilichotobolewa, jino pekee likachomoza juu yake. Daktari wa Marekani aitwaye Sanford Barnum ndiye aliyekianzisha mwaka 1864, na mpaka leo hakijapata mbadala ulio bora. Wengine huona kinawabana, lakini unapumua kwa pua kama kawaida na mate yanafyonzwa kwa chini. Umuhimu wake ulionekana wazi mwaka 1965, watafiti Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walipotoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya wa kawaida walipata majipu na viini vikafa. Panya waliolelewa bila bakteria yoyote, viini vyao vilibaki hai na vikajijengea daraja gumu la kujifunika. Adui basi ni bakteria, na mate yamejaa bakteria. Kusafisha mzizi huku mate yakiingia ni kusafisha na kuchafua kwa wakati mmoja. Pia kitambaa hicho hukukinga usimeze vifaa wala dawa.

Daktari hufungua tundu juu ya jino, anaondoa uozo wote na kutafuta milango ya mifereji. Jino la mbele kwa kawaida lina mmoja. Gego la kwanza la chini huwa na mitatu au minne. La juu lina mizizi mitatu, na mara nyingi mfereji wa nne uliojificha ambao usipotafutwa kwa makini ndio unaorudisha ugonjwa baadaye. Ukimwona daktari ameinama kimya muda mrefu, ndicho anachofanya. Mfereji unapimwa urefu kwa kifaa cha umeme na kwa picha, kisha unapanuliwa kwa visindano vyenye meno madogo, kuanzia vyembamba kabisa. Namba 10, ambacho ndicho ninachompa mara nyingi kuanzia, ncha yake ina upana wa milimita 0.10.

Visindano peke yao havitoshi, kwa kuwa mifereji ina matawi na kona ambazo chuma hakifiki. Kinachofika ni maji ya dawa. Inayotumika zaidi ni hipokloriti ya sodiamu, kati ya asilimia 0.5 na 6, ambayo huua bakteria na kuyeyusha mabaki ya kiini. Hiyo ndiyo harufu ya klorini utakayoisikia. Muda mwingi wa tiba ni kuosha, kusubiri, kuosha tena. Haraka hapa haina baraka.

Jino la mbele linaweza kumalizika kwa muda usiozidi saa moja. Gego huchukua saa moja na nusu hivi, au hugawanywa mara mbili, hasa likiwa na usaha. Likigawanywa, huwekwa dawa ya kalsiamu hidroksaidi ndani na kuzibwa kwa muda. Mwisho mifereji hukaushwa na kujazwa gataperka, utomvu wa mti ambao ukipashwa moto hulainika na kujaa, pamoja na gundi ya kuziba mianya. Picha ya eksirei huonyesha kama utomvu huo umefika karibu na ncha ya mzizi bila kupita.

Ukimya wa tatu

Ganzi ikiisha baada ya saa mbili hadi nne, jino linaweza kuuma kiasi, hasa siku mbili za kwanza, kisha kupungua ndani ya wiki. Tumia dawa za maumivu nilizotaja, tafuna upande mwingine, piga mswaki kama kawaida. Usitafune kitu chochote mdomo ukiwa na ganzi, kwani wengi hujing'ata mdomo wa chini bila kujua. Piga simu ukiona uvimbe unaongezeka badala ya kupungua, au ukihisi jino linagonga kabla ya mengine unapofunga mdomo. Mara nyingi kupunguza kidogo juu yake kunamaliza tatizo.

Kisha jino linanyamaza kabisa, na mgonjwa haonekani tena.

Nikisema hivi huwa naona sura za watu. Walikuja wakitetemeka, wakavumilia kiti, wakaondoka wakicheka, wakiwa na kizibo cha muda tu. Kizibo hicho kimeundwa kukaa wiki chache. Kikivuja, bakteria wanarudi kwenye mifereji na kazi yote inaharibika. Tena gego lililotibiwa mzizi limepoteza kuta zake nyingi kwa uozo na kwa tundu lililofunguliwa, likabaki na ncha nyembamba ambazo nguvu ya kutafuna inaweza kuzipasua mpaka kwenye mzizi. Jino lililopasuka hivyo huwa halina tena tiba ila kung'olewa.

Kwa hiyo magego mengi yanahitaji kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino lote, au kizibo imara kinachofunika ncha zote za kutafunia, ndani ya wiki chache. Meno ya mbele mara nyingi yanatosheka na kizibo cha kawaida. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulipitia kumbukumbu za bima za meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mzizi. Baada ya miaka 8, asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni. Kati ya yale yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa na kofia. Takwimu hizo nimezikariri, na humwambia kila mgonjwa kabla hajashuka kitini, nikiwa tayari nimefungua daftari la miadi.

Jino lisilookoka, na lile linalohitaji tiba nyingine

Mzizi uliopasuka kwa urefu, uozo ulioshuka chini kabisa ya mfupa, au jino linalocheza kwa sababu ugonjwa wa ufizi umekula mfupa wake, huwa haviokoleki. Hapo kung'oa ni haki, na uulize mapema pengo litajazwa na nini. Kwa mtoto mambo ni tofauti: jino la utotoni mara nyingi hutolewa sehemu ya juu tu ya kiini na kufunikwa, na jino jipya la utu uzima ambalo mzizi wake haujafunga hutibiwa kwa namna ya kuulinda uendelee kukua. Usikubali jino la mtoto ling'olewe haraka kwa hoja kwamba litaota jingine. Linamtunzia nafasi lile linalokuja.

Jino likirudi kusumbua baada ya tiba, linaweza kufunguliwa na kusafishwa upya, au ncha ya mzizi ikakatwa kwa upasuaji mdogo kupitia ufizi. Kushindwa mara moja hakumaanishi kung'oa.

Rudi kwa picha baada ya mwaka mmoja hata kama husikii chochote. Kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, yaani mfupa ulioliwa, hujaa taratibu, na kwa baadhi ya watu huchukua hadi miaka 4 kufunga kabisa. Omba nakala ya picha iliyopigwa siku mizizi ilipojazwa na uitunze pamoja na jina la jino na tarehe ya tiba. Daktari yeyote atakayekuona baadaye ataihitaji ili ajue kama kivuli anachokiona kinapungua au kinakua.